Bando lipo, netiweki inasoma, kwa nini ukurasa bado mweupe?

Umebonyeza habari uisome. Bando lipo, netiweki inasoma, lakini ukurasa ni mweupe tu. Sekunde tatu, nne, tano. Wengi hapo huanza kuilaumu kampuni ya simu, na mara nyingine wako sahihi. Ila kuna mhusika mwingine ambaye hatajwi sana: faili la CSS.

CSS ni nini hasa? Ni maelekezo yanayoiambia brauza maandishi ya tovuti yaonekaneje: rangi gani, herufi za ukubwa gani, menyu ikae wapi. Håkon Wium Lie wa Norway alipendekeza wazo hilo mwaka 1994, na toleo la kwanza likawa rasmi Desemba 1996.

Shida ni kwamba kwa kawaida brauza haichori kitu hadi ipokee maelekezo hayo yote. Ina sababu zake. Ingechora mapema, ungeona maandishi yamevurugika, kisha kila kitu kinaruka ukiwa katikati ya kusoma. Picha ikichelewa, habari bado inasomeka. CSS ikichelewa, huoni hata kichwa cha habari.

Hata Facebook walinaswa

Mwaka 2020 Facebook ilipojenga upya tovuti yake, wahandisi wake walieleza kwamba ile ya zamani ilikuwa inapakua zaidi ya KB 400 za CSS kwenye ukurasa wa mwanzo. Hizo ni zilizokwisha kubanwa. Zikifunguliwa zinafika MB 2. Na kati ya zote, zilizotumika kuchora mwonekano wa kwanza zilikuwa asilimia 10 tu.

Piga hesabu. Kwa intaneti ya kilobiti 400 kwa sekunde, KB 400 zinachukua sekunde 8. Muda wote huo, na MB zako, karibu zote zinaenda kwenye vitu usivyoviona.

Inafikaje huko? Taratibu sana. Kila anayeongeza kitufe au kurasa mpya anaandika mistari yake mwishoni mwa faili. Kufuta ya zamani kunatisha, maana huwezi kujua ni ukurasa gani utaharibika. Basi inaachwa, miaka inapita.

Facebook waliamua kila agizo liandikwe mara moja tu. Kama vitu hamsini vina rangi ya bluu, neno "bluu" halirudiwi mara hamsini. Vyote vinaelekezwa kwenye agizo lile lile. CSS ya ukurasa wa mwanzo ikapungua kwa asilimia 80.

Tovuti ndogo je?

Nyingi huchukua Bootstrap, kifurushi kilichotoka Twitter mwaka 2011. Ni kizuri na kinaokoa kazi. Lakini toleo la 5.3 lina zaidi ya KB 200 kabla ya kubanwa, na kukibeba kizima kwa ajili ya vitufe vitatu ni kama kukodi lori kuhamisha begi.

Nafuu ya haraka ni kuondoa nafasi tupu na maelezo ya pembeni kwenye faili, kisha seva iwashwe kubana kwa gzip au Brotli. (Brotli ni ya Google, na jina lake limetokana na mkate mdogo wa Uswisi.) Kwa Bootstrap, kubana peke yake kunaishusha hadi KB 30 hivi.

Kujua kisichotumika, Chrome ya kompyuta ina kipimo kinachoitwa Coverage, ambacho hupaka rangi nyekundu mistari ambayo haijatumika. Usikimbilie kuifuta yote, lakini. Kipimo kinaona kilichotokea wakati huo tu; menyu inayofunguka mpaka ibonyezwe itaonekana haina kazi. Bonyeza kila kitu kwanza, pitia kurasa zote, jaribu na kwenye simu ya kawaida, ndipo uanze kukata.