Acheni Kuuliza Mbunge Wenu Alipiga Kura Gani

Swali hili limenichosha. Hapa Burundi naulizwa mtaani Yoba watu wakitoka sala ya Ijumaa, naulizwa Muyinga nikisubiri gari, naulizwa hata na watu wenye shahada: "Sheria ya uchaguzi ilipopita, mbunge wetu alipiga kura gani?" Na kabla sijajibu, mwenye kuuliza ameshajijibu: "Angekuwepo mtu wetu pale ndani, isingepita."

Imani hiyo ya "mtu wetu" inatugharimu sana. Inamfanya raia atafute jina la mtu wakati jambo lote limeamuliwa na namba: muswada unahitaji kura ngapi, na kura hizo zinahesabiwa kati ya wabunge gani. Namba hizo zilibadilishwa mwaka 2018, zikaguswa tena mwaka 2023, na mitaani kwetu mjadala ukabaki palepale: nani ni mtoto wa nani.

Tuanze na mtu wetu wa mkoa. Katiba yetu inasema ubunge ni wa taifa zima, kwamba amri yoyote ya kumfunga mbunge ni batili, na kwamba kura yake ni yake binafsi. Wengi wakisikia neno "binafsi" hufurahi: basi anaweza kukataa! Kwenye karatasi anaweza. Lakini angalia alivyofika bungeni. Burundi hatumpigii mtu kura, tunapigia orodha, na orodha hiyo imefungwa. Chama ndicho kinachopanga nani awe wa kwanza na nani awe wa kumi. Katiba inaongeza masharti yake: katika kila wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu ndio wanaoweza kuwa wa kabila moja, na katika kila wanne lazima awepo mwanamke. Mpiga kura hana kalamu ya kupandisha jina wala kulishusha. Kwa hiyo mbunge anadaiwa kiti chake na waliopanga orodha, na miaka mitano baadaye atawarudia haohao kuomba nafasi. Hayo ndiyo anayoyafikiria siku ya kura, na angekuwa ndugu yako wa damu angefikiria hayohayo.

Tena huo mkoa wenyewe unaouita wako umeshakwenda. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42. Muyinga imeingizwa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Gitega imechukua Karusi, Muramvya na Mwaro. Waliopiga kura Juni 2025 walipiga kwa mikoa hiyo mipya, kwa hiyo orodha iliyopigiwa kura Muyinga ndiyo iliyopigiwa kura Ruyigi. "Mbunge wa Muyinga" ni maneno ya mazoea tu.

Sasa mtu wetu wa dini. Hapa Yoba watu huniambia, "Mwislamu akipanda juu, mambo yatanyooka." Hussein Radjabu alipanda. Alikuwa mwenyekiti wa chama tawala, CNDD-FDD, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya mawaziri wengi. Februari 2007 mkutano mkuu wa chama uliofanyika Ngozi ulimwondoa, na Aprili akakamatwa. Wabunge waliobaki upande wake wakajitenga na chama, na kazi za Bunge zikakwama, kwa sababu wakati ule hakuna sheria iliyoweza kupita bila theluthi mbili. Je, waliheshimiwa kama watu wenye kura binafsi? Juni 2008 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba wabunge 22 hawana tena nafasi bungeni. Ishirini na wawili, kwa mpigo mmoja, na viti vikarudi mikononi mwa chama. Mtu akiniambia mbunge mmoja wa kwetu angesimama peke yake aangushe muswada, namwomba kwanza anieleze wale 22 walikwenda wapi.

Yupo pia mtu wetu wa kabila, na hapa ndipo hesabu ilipobadilika bila watu kushtuka. Katiba ya 2005, iliyotokana na Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000, iliweka Bunge liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, Batwa watatu wa kuteuliwa, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Watu wengi wanaamini hiyo asilimia 40 ni breki yenyewe. Haikuwa breki hata siku moja. Breki ilikuwa sharti lililokuwa pembeni yake: kila sheria ipate theluthi mbili. Asilimia 60 haifiki theluthi mbili, kwa hiyo upande mmoja peke yake haukuweza kupitisha kitu. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 17 Mei 2018 iliacha asilimia 60 na 40 kama zilivyokuwa, ikashusha kiwango cha kura. Sheria ya kawaida sasa inapita kwa wingi wa zaidi ya nusu. Sheria fungamano (loi organique), na sheria ya uchaguzi ni mojawapo, inapita kwa sehemu tatu kati ya tano. Sehemu tatu kati ya tano ni asilimia ngapi? Ni 60. Viti havikuguswa, lakini nguvu ya viti ilikwisha. Watu walihesabu vichwa vya watu wao, wakaridhika kuwa vyote vipo.

Na hata kabla ya 2018 kinga hiyo ilikuwa ya nadharia zaidi, maana Watutsi wa bungeni hawakai chama kimoja. Orodha ya kila chama kikubwa ina makabila yote, kwa sababu sheria inataka hivyo. Mbunge Mtutsi wa CNDD-FDD anapiga kura pamoja na CNDD-FDD.

Najua jibu ninalorushiwa hapa: "Mbona mwaka 2014 kura moja tu iliangusha muswada?" Kisa hicho ni cha kweli, na kinathibitisha ninachosema. Tarehe 21 Machi 2014 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha Katiba, ambao pamoja na mengine ungeshusha kiwango cha theluthi mbili. Ulipata kura 84. Zilihitajika 85. Kwa nini 85? Kwa sababu kurekebisha Katiba kunadai sehemu nne kati ya tano za wabunge wote wanaounda Bunge, si za waliohudhuria, na Bunge lile lilikuwa na wabunge 106. Uchaguzi wa 2010 ulikuwa umeipa CNDD-FDD viti 81, Uprona 17, Frodebu-Nyakuri 5, na Batwa 3. Chama chenye viti 81 hakikuweza kufika 85 peke yake hata kama kila mbunge wake angenyanyua mikono yote miwili. Kilichoulinda mfumo siku ile ni kiwango cha juu pamoja na viti 22 vya vyama viwili vingine. Ukitafuta shujaa mmoja ndani ya hesabu hiyo humpati. Na wenye muswada walielewa somo haraka kuliko sisi. Hawakurudi bungeni kuomba kura moja zaidi. Walisubiri, wakalipeleka wazo lile kwenye kura ya maoni, njia ambayo Katiba inamruhusu Rais kuitumia, na mwaka 2018 wakapata walichokitaka.

Jirani zetu wameonyesha mambo hayohayo. Kenya, Februari 2019, muswada wa kutimiza sharti la Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge ulihitaji kura 233. Wabunge waliokuwemo ukumbini walikuwa 174. Hapakuwa na haja ya mtu kusema hapana, kutokuja kulitosha. Uganda, Desemba 2017, muswada wa kuondoa ukomo wa umri wa Rais ulipigiwa kura hadharani, kila mtu kwa jina lake. Wapo wabunge wa chama tawala waliokataa, na kila raia alijua mbunge wake amesema nini. Matokeo yalikuwa 317 kwa 62. Majina yalijulikana yote, na muswada ukapita.

Rudini sasa nyumbani. Bunge la 2020 lilikuwa na wabunge 123: CNDD-FDD 86, CNL ya upinzani 32, Uprona 2, Batwa 3. Piga hesabu mwenyewe. Sheria fungamano ilihitaji kura 74 kama wote wamehudhuria, na wakihudhuria wachache zisishuke chini ya 62, ambazo ni zaidi ya nusu ya wabunge wote. Chama tawala kilikuwa na 86. Kwa hiyo sheria ya mikoa ya 2023 na marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya Juni 2024 hayakuhitaji kura hata moja ya upinzani. Kuuliza mbunge wa CNL alipiga kura gani siku hizo ni kupoteza pumzi. Lakini kwa marekebisho ya Katiba zingehitajika 99, na hapo wabunge 32 wa CNL walikuwa ukuta. Walewale watu, bungeni mlemle: kwa sheria hii hawana uzito, kwa nyingine ndio wenye ufunguo. Tofauti ni kiwango.

Baada ya uchaguzi wa Juni 2025 ukuta huo haupo. CNDD-FDD ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Uprona, chama cha Rwagasore, shujaa wa uhuru wetu, ilipata asilimia 1.38 ikakosa hata kiti kimoja, kwa kuwa Katiba inataka chama kipate walau asilimia 2 ya kura za nchi nzima. Mgombea binafsi naye, tangu 2018, anatakiwa apate asilimia 40 katika eneo lake. Hizo ndizo namba zilizoamua nani apige kura bungeni, miaka kabla ya muswada wowote kusomwa. Zilipoandikwa, tulikuwa tunaulizana ukoo.

Sasa cha kufanya, na niseme upesi. Ukisikia muswada, uliza mambo matatu tu: ni sheria ya kawaida, fungamano au ya Katiba? Unahitaji kura ngapi? Zinahesabiwa kati ya waliohudhuria au kati ya wote? Fuatilia taarifa za Baraza la Mawaziri, maana muswada ukitoka pale bado unaguswa. Ukifika siku ya kura umeshaiva. Kabla ya siku hiyo unapitia kwenye kamati ya Bunge: andikeni kwa kamati, kwa jina la jumuiya, ushirika au chama, mkitaja kifungu kwa namba yake na maneno mnayotaka yakae badala yake. "Hatutaki" si pendekezo. Kumbukeni Seneti, kwa sababu sheria za uchaguzi lazima zipite kwake, na humo Wahutu na Watutsi wako sawa kwa sawa. Kumbukeni Mahakama ya Katiba: sheria fungamano zote hupitia kwake kabla Rais hajazitia saini, robo ya wabunge au robo ya maseneta inaweza kuifikisha sheria huko, Ombudsman pia, na hata raia mwenye maslahi katika jambo hilo. Wenye vyama vidogo, unganisheni orodha mapema. Asilimia 2 haipatikani kwa kugawana asilimia moja. Na msisome tu sheria yenye neno "uchaguzi" kwenye jina lake. Sheria ya mikoa ilionekana ya utawala, na ndiyo iliyobadilisha uzito wa kura kuliko nyingi.

Nitoe mfano wa mwisho, kwa kuwa una kazi mbele yake. Kila mkoa hutoa maseneta wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja. Kwa mikoa 18 walikuwa 36, na pamoja na Batwa 3 wakawa 39. Kwa mikoa 5 ni 10, na pamoja na Batwa 3 wanakuwa 13. Katiba ya 2018 iliipa Seneti hiyo jukumu la kutathmini mfumo wa asilimia za makabila, uendelee au ukomeshwe, na tathmini ilianzishwa Julai 2023. Pendekezo la kuufuta likija kama marekebisho ya Katiba kupitia Bunge, upande wa Seneti litahitaji theluthi mbili. Theluthi mbili ya 39 ilikuwa watu 26. Theluthi mbili ya 13 ni watu 9. Wa Yoba, wa Muyinga, kama asilimia hizo zina maana kwenu, au kama mnaziona zimepitwa na wakati, hoja zenu ziandikwe sasa na zifike kwa maseneta wote, wakiwemo wa mikoa mingine, kabla muswada haujatoka kwa mawaziri.