Gemu Yetu Ndogo Ilitufunza Kutuliza Haraka

Tulitengeneza gemu ndogo ya mafumbo: unaona SMS mbili za pesa, unachagua ile feki ndani ya sekunde 10. Tulipoijaribu na watu wa bodaboda hapa Yamumbi, wengi walikosea, hata wale wazoefu. Tukaondoa saa. Wakaanza kusoma mtumaji na kiasi, wakaipata. Kumbe shida ilikuwa haraka, na hiyo ndiyo silaha ya tapeli: "Nimekutumia kimakosa, rudisha sasa hivi!"

Ukipata SMS kama hiyo, tulia. Angalia salio kwanza. Ujumbe halisi wa M-PESA huja kwa jina MPESA, si nambari ya mtu. Aliyekosea kweli atume ujumbe wake kwa 456. Na PIN? Usimpe yeyote.