Safu ya Diski na Msamiati Wake

Safu ya diski ni mtambo wenye diski nyingi ambazo seva za benki au hospitali huziona kama hifadhi moja. Kiini chake ni kidhibiti, kinachopokea maombi ya kusoma na kuandika data. Aghalabu huwekwa viwili, ili kimoja kikiharibika kingine kiendelee na kazi. Kache ni kumbukumbu ya kasi inayoshika data kabla haijafika kwenye diski.

Mpangilio wa kulinda data huitwa RAID, jina lililotokana na andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. RAID 0 hutawanya data ili kuongeza kasi, bila kinga yoyote. RAID 1 huandika data ileile kwenye diski mbili. RAID 5 huongeza pariti, yaani hesabu inayowezesha kurejesha data ya diski moja iliyokufa. RAID 6 huhimili kufa kwa diski mbili. Diski ya akiba hukaa tayari kuchukua nafasi ya iliyoharibika.

Hifadhi hiyo hugawanywa katika sehemu ziitwazo LUN, ambazo hugawiwa seva. Hata hivyo, RAID haiondoi haja ya nakala rudufu: faili likifutwa kimakosa, RAID haiwezi kulirudisha.