Peshtigo, 1871: hewa iliyoua kabla ya moto kufika

Usiku wa Jumapili, Oktoba 8, 1871, jiji la Chicago liliungua na habari zake zikaenea duniani. Usiku huohuo, kaskazini zaidi, jimboni Wisconsin, moto wa msituni uliuteketeza mji mdogo wa Peshtigo. Chicago walikufa watu wapatao 300. Peshtigo na vitongoji jirani, kati ya 1,200 na 2,500. Marekani haijawahi kuwa na moto wa msituni ulioua watu wengi kuliko huo.

Mvua ilikuwa haba tangu kiangazi. Mti mbichi huungua kwa shida kwa sababu joto jingi huishia kukausha maji yaliyomo ndani yake kwanza. Ukame ulikuwa umeshayakausha, hata vinamasi vilikauka. Wakulima walichoma visiki, vibarua wa reli wakachoma matawi, na moto ukabaki ukifukuta ardhini, kwenye mizizi. Watu waliishi na moshi huo kwa wiki kadhaa wakauzoea, na mazoea hayo ndiyo yanayoniuma zaidi katika kisa hiki. Kisha upepo mkali ukavuma, ukaunganisha mioto yote. Hewa ya moto ilipopaa, nyingine ilikimbilia kujaza nafasi yake, hadi moto ukawa unajitengenezea upepo wake wenyewe.

Walioshuhudia walisimulia juu ya maiti zisizo na alama ya kuungua. Sayansi inalielewa hilo. Hewa yenye joto kali huunguza koo, likavimba na kuziba. Kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo ukikosa oksijeni, mtu huchanganyikiwa na miguu kulegea, hata kama njia ya kukimbilia ipo mbele yake.

Wengi walijitosa mtoni. Padri Peter Pernin alinusurika humo kwa saa nyingi, watu wakijimwagia maji vichwani bila kupumzika. Lakini maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, na maji ya Oktoba ni baridi. Waliokwepa moto, baadhi yao waliuawa na baridi au kuzama.

Taarifa ilipofika Madison, makao ya serikali, gavana alikuwa ameshaondoka kwenda kuisaidia Chicago. Mkewe, Frances Fairchild, aliagiza behewa la misaada ya Chicago lielekezwe kaskazini, na alipoona mablanketi ni machache akawaomba majirani watoe yao.