Je, Wajua? Mtumba ulioshinda Safari

Fundi wa Mpanda unayefufua gari kuukuu uani kwako, hii yako! Mwaka 1965 mbio kali za East African Safari zilichukuliwa na gari la mtumba. Joginder Singh, makanika mzaliwa wa Kericho, aliiandaa mwenyewe Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Kiti cha pembeni alikaa nduguye, Jaswant.

Waliondoka wakiwa namba 1, hivyo hawakula vumbi la mtu. Wa pili aliachwa kwa saa 1 na dakika 40. Ajabu kweli! Mwaka huohuo kiwanda kiliacha kuunda PV544.

Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaja Tanzania: Bert Shankland wa Dar es Salaam, ndani ya Peugeot 404.

Joginder alishinda tena 1974 na 1976.