Fahamu: Kwa nini Mji wa Kale ulifungwa mwaka 2020

Mei 6, 2020, katikati ya Ramadhani, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa, na Eastleigh, Nairobi, kwa siku 15. Muda ukaongezwa, Idi ikawakuta watu ndani.

Kwa nini huko? Maambukizi ya korona yalikuwa yakipanda, na wengi walikwepa kupimwa. Haukuwa ukaidi mtupu. Kupimwa kungeweza kukupeleka karantini, nayo ilikuwa ya kulipia kila siku. Muuza mahamri wa barazani angezitoa wapi pesa hizo? Baadaye ada iliondolewa katika vituo vya umma.

Na agizo la kukaa mbalimbali ili kuzuia maambukizi nalo lilikuwa gumu kulitii! Kuna vichochoro vya Mji wa Kale ambamo wawili wakipishana, mabega hugusana.