Ujanja wa oskiloskopu kongwe kwenye ultrasaundi ya leo

Mjamzito anapopimwa mtiririko wa damu ya mtoto, iwe Bukoba mjini au katika hospitali za Muleba kama Rubya, Ndolage na Kagondo, ultrasaundi yenye Dopla ya mapigo haiitazami damu hiyo mfululizo. Huichungulia, ikaacha, ikaichungulia tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Mtindo huu mafundi wa elektroniki waliutumia zamani kwa shida nyingine kabisa.

Miaka ya 1950 transista zilianza kuwaka na kuzima upesi kuliko oskiloskopu za kawaida, zile zinazochora umeme kwenye kioo, zilivyoweza kuonesha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa imeleta oskiloskopu ya 185A, na kampuni ya Tektronix ile ya 661. Ndani ya zote mbili mlikuwa na wazo moja: ishara ikiwa inajirudia vilevile, usihangaike kuikamata yote kwa mkupuo. Chukua nukta moja kwenye pigo la kwanza, kwenye pigo la pili chukua iliyo mbele yake kidogo, endelea hivyo mpaka mchoro ukamilike.

Kazi hiyo hufanywa na lango la dayodi, mara nyingi nne. Mshtuko wa umeme unaodumu chini ya nanosekunde moja, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, hulifungua lango. Chaji kidogo huingia kwenye kapasita, kisha lango hufungwa. Hapo saketi za polepole hupata nafasi ya kuikuza. Anayeamua lango lifunguke lini ni saketi inayolinganisha volti mbili: moja hupanda haraka kila pigo linapofika, nyingine hupanda kwa hatua kama ngazi. Zikilingana, lango hufunguka. Ngazi ikipanda hatua moja, kulingana kunachelewa kidogo, na nukta inasogea mbele.

Ila usiifunge oskiloskopu hii kwenye kifua cha mgonjwa. Ishara ya moyo ni ya taratibu, haizidi mizunguko mia chache kwa sekunde, na kipimo cha ECG kinaimudu bila taabu. Zaidi ya hapo, mashine hii huamini kwamba kila pigo ni nakala ya lililotangulia, ilhali daktari anatafuta lile pigo lililoruka au kuwahi.

Dopla ya mapigo nayo ina mpaka wake. Sauti husafiri mwilini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mshipa ukiwa sentimita 10 ndani, kwenda na kurudi kunachukua mikrosekunde 130, hivyo mapigo ya sauti hayawezi kuzidi 7,700 kwa sekunde. Kwa probu ya megahezi 3, damu inayokimbia ikielekea kwenye probu kwa zaidi ya mita moja hivi kwa sekunde huanza kuonekana ikirudi nyuma, kama gurudumu la gari kwenye filamu. Damu ya mtoto aliye tumboni mara nyingi haifiki huko, lakini vali ya aota iliyobana sana hurusha damu kwa mita 4 na zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana wapimaji wa moyo hubadili na kutumia Dopla isiyokatizwa, ambayo inaweza kupima kasi hiyo, ingawa haisemi imetoka kina gani.

Sehemu inayonihangaisha zaidi ni plagi. Oskiloskopu hizo kongwe mara nyingi hutegemea kebo na viunganishi vya omu 50. Palipo na kutu au pini iliyolegea, sehemu ya ishara hugonga na kurudi, na mchoro unadanganya. Lango lenyewe ni dhaifu, volti chache za ziada zinatosha kuziua dayodi. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa lililo kando yake hauna huruma kwa shaba. Plagi ya probu ya ultrasaundi huwa na pini mia na zaidi: chache zikipinda, picha hupata michirizi ya giza ambayo asiyejua ataidhania ni kivuli cha mfupa.

Hapa oskiloskopu kongwe bado ina kazi. Fundi hutuma pigo kwenye kebo na kupima mwangwi unarudi baada ya muda gani. Katika kebo nyingi za plastiki umeme hukata sentimita 20 hivi kwa nanosekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya nanosekunde 6, tatu za kwenda na tatu za kurudi, kebo imekatika sentimita 60 kutoka kwenye plagi.